Kopo Lisiloonjwa

Kama unakohoa kwa majuma mengi sasa, kama suruali zimeanza kukuanguka na watu wa nyumbani wananong'ona jina la mtu aliyekulisha sumu, tafadhali soma haya kwanza. Ukimaliza, nenda ukapimwe makohozi. Ukishapata jibu, hapo ndipo utafute mtu wa kumchukia, kama bado utakuwa na hamu.

Mimi nilifanya kinyume. Nilianza na kuchukia.

Ninaitwa Cikuru, lakini wengi huniita Papa Bahati kwa jina la mwanangu wa kwanza. Ninaishi Kadutu, hapa Bukavu, kwenye mteremko ambako paa la jirani liko usawa wa miguu yako. Kazi yangu ilikuwa kujenga kuta za mawe zinazozuia udongo usiporomoke wakati wa mvua. Jiwe ambalo vijana wawili walilizunguka wakikuna vichwa, mimi nililibeba peke yangu. Jumamosi mchana nilifundisha watoto katekisimu katika shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja. Watoto walipenda hadithi ya Samsoni kuliko zote, kwa hiyo niliwasimulia mara nyingi kuliko padri alivyotaka. Nilikuwa ninainua benchi na mtoto akiwa juu yake, kuwaonyesha jinsi Samsoni alivyong'oa malango ya Gaza. Wakaniita Papa Samsoni. Nilijifanya silipendi jina hilo.

Mtoto aliyekaa kwenye benchi lile bila kuogopa alikuwa Ansima, binti wa mdogo wangu. Mdogo wangu alibaki ndani ya shimo la madini, hatukupata hata mwili wa kuzika. Mjane wake, Furaha, nilimpa chumba katika kiwanja changu, ukuta mmoja na chumba chetu. Ansima alikuwa na miaka mitano. Jioni alikaa mapajani mwangu nikila, akiniokotea sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizo kubwa sahanini na kunitilia mdomoni, kisha yeye anakula vichwa.

Furaha alipika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akauza mlangoni. Hapa lazima nieleze desturi. Kwetu, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako. Anakunywa kidogo, anakutazama, ndipo anakupa kopo. Hakuna anayeona ni tusi, kwa sababu karuho, ile sumu ya polepole inayomkausha mtu mpaka kaburini, inaogopwa na wote, aliyesoma na asiyesoma. Lakini ndugu wa nyumba moja haonjewi. Ukimwonjea ndugu ni kama unamwambia kwamba hamjuani. Furaha hakuwahi kunionjea hata siku moja. Nikirudi kazini alinipa kopo lake jekundu la plastiki, limejaa, nami nililimaliza nikiwa bado nimesimama.

Kikohozi kilianza na mvua za Septemba. Nikasema ni vumbi la mawe. Ilipofika Noeli nilikuwa ninaamka shati limelowa kama nimetoka ziwani, na mkanda nilikuwa nimeutoboa matundu mapya mara tatu kwa msumari. Mwezi wa kwanza nilishindwa jiwe la kawaida kabisa. Vijana walicheka, halafu wakaona sichezi, wakanyamaza. Kunyamaza kwao kuliniuma kuliko kifua.

Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, aliteremka kutoka kijiji cha Miti kuja kuniona. Hakukaa hata kitini.

"Cikuru, hii haiko kikohozi," alisema. "Hii ni karuho. Nani alikupatia kinywaji?"

"Batu wengi, yaya."

"Sikuulize wengi. Nani alikupatia bila kuonja?"

Nilimtazama mke wangu, naye akatazama chini. Mbali na yeye, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyenipa kopo bila kuonja.

Walinipeleka Mumosho, kwa mzee anayetapisha watu. Siku tatu nilikunywa maji ya majani machungu nikatapika mpaka sikuwa na cha kutapika. Siku ya tatu mzee alichokora matapishi kwa kijiti, akainua kitu cheusi, chembamba. "Voilà," alisema. "Iko hii." Nilikiona kwa macho yangu, nikaamini. Leo nafikiri kilikuwa ganda la haragi, yaani maharagwe. Alinifunga kamba kiunoni, nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi zaidi na mwenye hasira zaidi.

Siku iliyofuata familia ilikaa sebuleni kwetu: dada yangu, mke wangu, wazee wawili wa ukoo, na mama mmoja mkubwa wa shirika. Furaha aliitwa. Alisimama karibu na mlango, Ansima amemshika kitenge.

"Ulionja?" dada aliuliza.

"Kuonja nini?"

"Ile kasiksi ulikuwa unapatia Cikuru. Ulionja ao haukuonja?"

"Sikuonja. Ni shemeji yangu. Ni wa nyumba, namna gani nitamuonjea?" Kisha akaelewa, nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika. Akanigeukia mimi. "Shemeji, sema kitu."

Nilikuwa nimejifunika blanketi. Nilijua moyo wa mwanamke yule. Nilijua pia kwamba nakufa, na mtu anayekufa hupenda kufa kwa sababu ya mtu mwingine. Nilisema neno moja.

"Atoke."

Kabla ya jua kuzama, pombe yake yote ilikuwa imemwagwa kwenye mfereji, si na mimi, ila hakuna niliyemkataza. Alikwenda kwa baba yake, kijiji cha Mudaka, sufuria mbili kichwani. Ansima alirudi kutoka njiani, akasogea mpaka magotini mwangu, akaniuliza kama Jumamosi somo litakuwepo. Nilikohoa badala ya kumjibu.

Na Mungu je? Naye nilimfukuza. Nilimwambia nimemtumikia miaka yote hiyo, ameniacha nikalishwa sumu na mtu niliyemhifadhi. Rozari niliitundika nyuma ya mlango, kamba ya mzee wa Mumosho ikabaki kiunoni. Mkuu wa shirika alipokuja kusali nami, niligeukia ukutani.

Mvua za mwezi wa tatu ndizo zilizonikuta nikitema damu. Mke wangu, Mama Bahati, ni mtu wa maneno machache. Alichukua kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo, akakata ile kamba.

"Minachoka na kamba," alisema. "Tunaenda hospitali."

Tulikwenda kwa pikipiki, mimi katikati, yeye nyuma akinishika nisianguke. Hospitali tulikalishwa nje, kwenye benchi refu chini ya mabati, mahali pa upepo. Kila mmoja alikuwa na kikopo kidogo cha kutemea makohozi. Bibi mmoja mzee, mifupa mitupu, alinisogelea.

"We pia walikulisha?"

"Ndiyo, mama."

"Mi pia. Ni bibi wa kwanza wa bwana yangu."

Kijana aliyekuwa upande wa pili akasema kwake yeye ni mwenzake wa kazi. Mwingine akasema ni mama wa kambo. Tulikuwa tisa kwenye benchi lile, na kila mmoja alikuwa na wake aliyemlisha. Nilianza kuhesabu wauaji wetu waliokuwa wakizunguka mjini, nikaona haiwezekani, nikaacha kuhesabu kwa sababu niliogopa nitakapofika.

Muuguzi alituita mmoja mmoja. Alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini. "Papa, ni kifua kikuu. Haiko karuho. Inaponaka. Lakini dawa ni kila siku, miezi sita, hakuna kuruka."

Mke wangu alilia kwa furaha. Muuguzi alifungua daftari. "Sasa uniambie benye munalala nyumba moja. Na benye walikuwa karibu yako tangu ulianza kukohoa. Zaidi batoto. Tunapaswa tubapime wote."

Nilimtaja mke wangu. Nikataja watoto wetu wanne.

"Nani tena?"

Mke wangu alikuwa ametoka kuchota maji ya dawa. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Niliona kitenge cha Furaha na mkono mdogo ulioshika kitenge hicho. Kama ningesema majina yale mawili, muuguzi angeuliza wako wapi, ningesema Mudaka, angeuliza kwa nini. Na kabla ya jua kuzama Kadutu yote ingejua kwamba Papa Samsoni alimfukuza mjane wa ndugu yake kwa ugonjwa wake mwenyewe.

"Hakuna," nilisema.

Rafiki yangu msomaji, kumshutumu Furaha nilikuwa mjinga. Siku ile ya daftari sikuwa mjinga tena.

Miezi miwili ya kwanza nilimeza vidonge vinne kila asubuhi mbele ya muuguzi. Mkojo ukawa mwekundu kama mafuta ya mawese. Viungo viliuma, chakula kilinuka chuma. Nyumbani nilikuwa na sahani yangu, kopo langu, chumba changu. Bahati, kijana wangu mkubwa, aliniamkia kutoka uani. Sikumlaumu, lakini nililia. Siku moja nilijitazama kwenye kipande cha kioo: juu ya mifupa ya mabega kulikuwa na mashimo ambayo yangeweza kushika maji, na mikono iliyobeba malango ya Gaza ilikuwa miko miwili ya kusongea ugali. Yule bibi wa benchini alikuwa akiniletea kiazi kitamu cha moto kwenye jani la mgomba, kwa sababu vidonge kwenye tumbo tupu ni vita. Tulikula pamoja. Mwezi wa pili ukiisha hakuja, na muuguzi hakutaka nimuulize.

Halafu njaa ikarudi. Nilikula kama watu watatu, kilo zikarudi, kikohozi kikakauka. Nilikuwa napona, na sikuweza kufurahi.

Ni wakati huo nilipomsoma Samsoni upya, kwanza kwa kukosa kitu kingine cha kusoma. Nilikuwa nikiwasimulia watoto kana kwamba Delila ndiye aliyeharibu yote. Sasa niliona mtu aliyekuwa ameharibu mengi kabla Delila hajatokea: mwenye hasira, mwenye majivuno, anayechoma mashamba ya watu kwa kulipiza kisasi. Na kuna pale ananyolewa, anaamka, anadhani atajitikisa kama siku zote, wala hajui kwamba Bwana amekwisha kumwacha. Nilifunga kitabu. Nilikuwa mimi. Nilidhani mimi ndiye niliyemfukuza Mungu, kumbe nilimfukuza Furaha, na Mungu akatoka naye.

Hata hapo sikwenda Mudaka. Nilijiambia barabara ya kaskazini si salama miezi ile, na kweli haikuwa salama. Lakini kina mama wa sokoni walikuwa wanapita.

Mmoja wao alikuwa mke wangu. Kiangazi, mwezi wangu wa tano wa dawa, alikwenda Mudaka kununua haragi. Alirudi bila haragi.

"Nimeona Furaha," alisema. "Amebeba Ansima ku mugongo."

"Ansima ni mukubwa wa kubebwa?"

"Hatembeye tena. Mugongo imepinda, Papa Bahati. Kuko nundu hapa." Alijigusa kati ya mabega. "Kwao wanasema ni malaria, mara ni mashetani. Ninakuuliza. Siku ile ya daftari, ulitaja Furaha na mutoto?"

Niligeukia ukutani. Akavaa tena viatu, akarudi Mudaka siku ileile. Kesho yake Ansima alikuwa hospitali. Ilikuwa kifua kikuu, hakikukaa kifuani, kilikwenda kula mifupa ya mgongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi nilificha yangu, na aliyeumbuliwa ni mtoto wa miaka sita.

Sumu ilikuwepo kwenye kiwanja chetu, kweli. Ilitoka kifuani mwangu.

Walimfunga plasta kuanzia kwapani hadi nyongani. Dawa zake zingekuwa za mwaka mzima. Nilimaliza zangu mvua zilipoanza tena, muuguzi akaniandikia kwenye kadi kwamba nimepona, nami nikaivuka korido na kadi hiyo mfukoni kwenda kukaa karibu na kitanda cha Ansima. Kila nilipoingia, Furaha alichukua kiti chake akatoka. Hakunitukana. Alitoka tu.

"Papa mukubwa," Ansima aliniambia siku moja, "unipigie hadisi ya Samsoni."

Nilimsimulia yote. Simba, malango, nywele. Macho kung'olewa, gereza, kusaga nafaka. Nikafika kwenye sikukuu ya Wafilisti, jinsi Samsoni kipofu alivyoletwa ili wamcheke, na jinsi alivyomwambia mtoto aliyemshika mkono amwelekeze kwenye nguzo, azipapase. Halafu akasukuma, na nyumba ikaanguka juu ya wote.

Ansima alikuwa akitazama dari, maana plasta haikumruhusu kugeuka.

"Na ule mutoto?"

"Mutoto gani?"

"Mwenye alimushika mukono. Alitoka mbele nyumba ianguke?"

Nilikuwa nimesimulia hadithi ile miaka na miaka, na kila mara mtoto yule nilimpita mbio ili nifike kwenye nguzo.

"Sijui," nilisema. "Biblia haisemi."

"Samsoni alipaswa kumuambia akimbie."

"Ndiyo. Alipaswa."

"Pengine alisahau," alisema, kama anayemtetea mtu.

Nilitoka nje, nikajificha nyuma ya jiko la hospitali mahali kina mama wanapowapikia wagonjwa, nikalia kwa sauti. Hawakunifukuza. Mmoja alinisogezea kigoda.

Jumamosi hiyo nilikwenda kuungama. Nilisema yote: kopo, kamba, daftari.

"Mungu anakusamehe," padri alisema. "Lakini jina la ule mama liko wapi? Ulilitupa mbele ya batu. Uende uliokote mbele ya batu."

Niliwaita walewale, sebuleni palepale. Furaha alikuja kwa sababu mke wangu alimwomba kwa magoti. Alisimama mlangoni, mahali pake pale pale. Nilisema hakunilisha kitu, nilikuwa na kifua kikuu, nilimsingizia, na mtoto aliupata kwangu. Wazee waliitikia kwa vichwa. Dada yangu alisema, "Bon, imeisha, hakuna mwenye alijuwa." Ningeweza kuishia hapo. Furaha mwenyewe alikuwa ameanza kulegea uso.

"Mimi nilijuwa," nilisema. "Mwezi wa tatu, muuguzi aliniuliza batoto benye walikuwa karibu yangu. Nilificha jina ya Ansima. Sababu niliona haya."

Hili Furaha hakuwa analijua.

"Mwezi wa tatu," alisema.

"Ndiyo."

"Mwezi wa tatu alikuwa anakimbia. Alikuwa anaruka kamba." Hakupandisha sauti. Alifunga kitenge chake vizuri, akaondoka, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Kwa hiyo usidhani ninakuandikia nikiwa mtakatifu. Nimerudi kanisani, ninakaa benchi la nyuma, napokea Komunyo. Katekisimu sifundishi tena. Jumatano ninakwenda kwenye lile benchi chini ya mabati, nakaa na wanaosubiri. Wananiambia nani aliwalisha, nawasikiliza, kisha ninawaambia neno moja: daftari likifunguliwa, taja wote. Mtaje unayemchukia. Mtaje uliyemkosea. Huyo hasa ndiye umtaje kwanza.

Ansima alitolewa plasta. Anatembea, mfupi kuliko wenzake, nundu iko pale, na haitaondoka. Kila Jumapili baada ya misa ninapanda Mudaka. Mwanzoni nilikaa nje ya ua wa baba yake Furaha, hakuna aliyenikaribisha wala aliyenifukuza. Nikaanza kuwajengea ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, mahali udongo ulipokuwa ukibomoka, kwa mawe madogo madogo, maana nguvu zile hazikurudi zote. Juma la nne Furaha alitoka na lile kopo jekundu, limejaa buyi, uji wetu wa mtama. Alisimama mbele yangu. Akanywa kidogo, akanitazama machoni, akanipa.

Alinionjea, kama mgeni aliyepotea njia. Nilikunywa. Kila Jumapili tangu hapo alifanya vilevile, mvua zote zile na kiangazi kilichofuata, na kila mara nilihisi lile neno langu moja, "Atoke," likinirudia.

Jumapili iliyopita Furaha alikuwa bustanini akipalilia. Ansima ndiye aliyetoka na kopo, akitembea polepole, upande mmoja juu na mwingine chini, mikono yote miwili imelishika lisimwagike. Akanipa.

"Ansima!" mama yake aliita kutoka kwenye maharagi. "Umemuonjea?"

"Hapana, maman," alijibu. "Ni papa mukubwa."

Nilingoja. Jembe la Furaha lilisimama kidogo, kisha nikalisikia likiendelea kulima. Nikanywa uji wote, nikiwa nimesimama.